Trio ya Hester Lumb

Dilys Prosser hakuwa mtu wa kuficha kitu. Uso wake husema kabla mdomo haujafunguka. Jumamosi hiyo mchana, Hester alipoingia ukumbini akikung'uta mvua kwenye mwavuli, alimkuta kasimama katikati ya viti, fidla mkono mmoja, mkono wa pili kaupeleka mgongoni.

"Una nini huko nyuma?"

"Sina kitu."

"Dilys."

"Ni programu tu, mwenzangu. Zimetoka kwa mchapaji asubuhi hii. Karatasi nzuri, nzito. Ungekwenda kwanza ukavua koti, umelowa chapachapa, chai iko kule nyuma, halafu..."

"Nipe."

"Ukishakunywa chai."

Hester akanyoosha mkono. Tangu mwaka uliopita wanawake hawa wawili walikuwa wakipiga muziki pamoja kila Alhamisi, mmoja kwenye piano na mwingine kwenye fidla, na Dilys alijua fika kwamba Bi. Hester Ormerod, pamoja na upole wake wote na glavu zake nyeusi za mjane, akishanyoosha mkono haurudishi mtupu. Akampa.

Kwanza ilikuwapo kwaya ya akina mama wa kanisa. Halafu Kanali Tetley na filimbi yake. Halafu, kwa herufi kubwa kuliko zote: *Trio ya piano, fidla na selo. Mtunzi: Bw. Edmund Garside.*

Hester akasoma, akarudia kusoma, kisha akacheka.

"Huyu mchapaji naye. Kaambiwa Edmund ndiye mpiga selo, yeye kampandisha cheo kamfanya mtunzi. Ngoja nimtafute Bi. Augusta wa kamati ya tamasha, bado kuna muda wa kusahihisha kwa kalamu."

Dilys hakucheka. Alitazama viatu vyake.

Trio ile ilikuwa ya Hester, kuanzia nota ya kwanza hadi ya mwisho. Aliitunga akiwa na miaka ishirini na mbili, mwanafunzi wa muziki London, akiitwa Hester Lumb, akiishi katika chumba cha juu kabisa ambamo maji ya kunawia yaliganda ndani ya jagi. Ilipigwa mara moja tu, mbele ya wanafunzi wenzake na mwalimu mmoja aliyesinzia. Mwaka uliofuata akaolewa na Clement Ormerod, mfanyabiashara wa sufu wa mji wa Ilkley, kaskazini mwa Uingereza, mtu mwema ambaye hakumwinulia mtu sauti, aliyependa kupigiwa tenzi mbili baada ya chakula cha jioni kisha akalale. "Iweke kwanza, Hetty," alimwambia kuhusu trio. Akaiweka ndani ya kiti cha piano, chini ya nyimbo za Krismasi, na hiyo "kwanza" ikala miaka karibu ishirini. Clement akafa, akaliliwa kwa haki yake, na kiti hakikufunguliwa.

Na mpiga selo wa siku ile ya London alikuwa Edmund Garside. Naye alikwenda zake, akaoa, akafiwa. Majira ya kuchipua ya mwaka wa 1908 akahamia Ilkley kukaa na dada yake, na kwenye karamu ya chai nyumbani kwa kasisi akaombwa apige chochote anachopenda. Akalisimamisha selo, lile fidla kubwa linalokaa kati ya magoti, akafumba macho, akapiga mwanzo wa sehemu ya pili ya trio ya Hester, ile ya polepole, bila karatasi mbele yake. Hester aliimwaga chai yote, nusu kwenye sahani, nusu kwenye gauni. Mwanamume aliyekaa na muziki wako kichwani miaka yote hiyo huna haja ya kumuuliza kama anakupenda. Hester hakuuliza. Alikwenda nyumbani, akakifungua kile kiti, na Krismasi ilipofika walikuwa wachumba.

Kwa hiyo alipomwendea Bi. Augusta Garside siku hiyo, alikwenda bila wasiwasi. Alimkuta mstari wa mbele akipanga programu juu ya viti, moja baada ya nyingine, kofia yake ya manyoya ya ndege ikitikisika.

"Wifi, samahani, kuna kosa dogo hapa. Mchapaji kaandika jina la Edmund mahali pangu."

Augusta hakuacha kupanga. "Hakuna kosa, Bi. Ormerod. Ndugu yangu mwenyewe ndiye aliyeileta kwenye kamati. Kwa mkono wake na kwa jina lake. Kamuulize."

Hester akabaki amesimama na karatasi mkononi. Alihisi moyo umemshuka hadi kwenye buti zake zilizolowa.

*

Nyuma ya jukwaa kulikuwa na chumba kidogo chenye jiko la makaa, makoti yamelundikwa juu ya meza, na harufu ya sufu mbichi inayokauka. Edmund alikuwa amekaa kwenye kigoda akiusugua upinde wake kwa utomvu mkavu wa msonobari. Alikuwa mtu mrefu, mwenye mvi za mapema na mikono ya kupendeza, wa aina ile anayeweza kukigonga kiti akakiomba radhi. Aliponyanyua macho akamwona Hester mlangoni, uso wake ukachangamka wote. Kisha akaiona karatasi.

"Niambie ni mchapaji, Edmund."

Edmund hakujua kusema uongo. Hilo lilikuwa mojawapo ya mambo Hester aliyompendea, na saa ile alitamani angelijua kidogo.

"Kaa kwanza, mpenzi."

"Sikai."

"Nilitaka kukuambia leo hii hii."

"Leo ipi? Tamasha linaanza saa tisa."

"Baada ya makofi." Akauweka upinde kando, akasogea mbele ya kigoda kama mtu anayetaka kukabidhi zawadi. "Nisikilize. Tutapiga. Watashangilia, unajua wewe watashangilia, Kanali mwenyewe atatoa leso kwenye ile ya polepole. Hapo ndipo nitasimama niwaambie, jamani, mliyemshangilia si mimi, ni huyu hapa. Nimeyafanyia mazoezi maneno yenyewe mbele ya kioo. Nilidhani utacheka."

"Nicheke."

"Hebu fikiria sura zao, Hester."

"Nafikiria yangu." Akaikunja programu mara mbili, taratibu. "Kwani kulikuwa na haja gani ya jina lako? Trio inalo la mtunzi wake. Liko ukurasa wa kwanza, nimeliandika mwenyewe."

Edmund akaushika tena upinde, akauacha. Makaa yakaanguka ndani ya jiko.

"Niliipeleka na jina lako," akasema hatimaye. "Mwezi wa Novemba. Wakaikataa."

"Hukuniambia."

"Ningekuambiaje?"

"Kwa mdomo. Walisema nini?"

"Hester..."

"Walisema nini? Mimi ni mtu mzima, nimezika mume."

"Walisema inapendeza." Akajikuna shingo. "Kwamba ina hisia nyingi, ila haina mifupa. Kwamba mwanamke anaweza kutunga kawimbo ka kuimbia sebuleni, lakini trio ni jengo, na jengo linataka..."

"Linataka ndevu."

Mlangoni Dilys, aliyekuwa amemfuata Hester, akajaribu kugeuza kicheko kuwa kikohozi, hakufaulu.

"Basi Januari nikairudisha," Edmund akaendelea, na sauti yake ikapata nguvu, maana hapa ndipo palipomfurahisha. "Sikugusa hata nota moja, naapa. Niliinakili, nikabadilisha jina peke yake. Na unajua walisema nini? Kwamba ina mifupa mizuri ajabu. Walewale. Unaona? Tumewashika."

"Umewashika wewe. Mimi niko wapi hapo?"

"Wewe ndiye..."

"Mimi niko wapi, Edmund? Nakuuliza. Sogea hapa utazame karatasi hii, unioneshe kwa kidole."

Hakusogea. Hester alihisi machozi yanapanda akayarudisha yalikotoka, kwa sababu alijua akilia tu maongezi yataisha, atakumbatiwa, ataletewa chai, na karatasi zitabaki juu ya viti.

"Nikuambie yatakayotokea?" akasema. "Watashangilia. Utasimama na maneno yako ya kwenye kioo. Nao watacheka, si kwa ubaya, kwa upole. Watasema, mtazameni bwana harusi, kazi yake anamgawia mchumba wake, kama mtu anayempa maua. Watakupenda zaidi. Mimi watanipigapiga begani. Na kila atakayeisikia trio hii mpaka siku nitakayokufa atanikonyeza jicho."

Ilionekana wazi kwamba jambo hilo halikumpitia Edmund akilini hata siku moja. Wanaume wengine wana akili nyingi, ila zote hutazama upande mmoja.

"Nilifanya kwa mapenzi," akasema kwa sauti ndogo.

"Najua. Ndiyo maana inaniuma. Angenifanyia mtu ninayemchukia, ningelala usingizi." Akamtazama ile mikono, na mapenzi yakamkaba palepale katikati ya hasira, maana hayakuwa yamekwenda popote. "Clement aliniambia niiweke. Hakuipenda, lakini hakuichukua. Ilikaa kitini miaka yote ile ikiwa yangu."

Edmund akainama. Hester aliona masikio yake yamegeuka mekundu, akajua neno limeingia, na hakulijutia.

"Unataka nifanye nini?"

"Waambie kabla. Kabla ya nota ya kwanza. Waisikilize wakijua ni ya nani. Wakikunja sura, wakunje. Wakisinzia, wasinzie. Ila iwe ni kwangu mimi wanakosinzia."

"Hatafanya hivyo," ikasema sauti nyingine.

Augusta alikuwa amempita Dilys mlangoni bila kumgusa, jambo ambalo kwa upana wa kofia yake halikuwa rahisi. Akafunga mlango.

"Mnazungumza kwa sauti. Akina mama wa kwaya wameshaanza kufika." Akamgeukia Hester. "Bi. Ormerod, mimi si mjinga. Nilizitambua nota zilezile siku ile ya Januari, ukurasa wa pili tu. Nikanyamaza. Unajua kwa nini? Nilidhani hatimaye nyote wawili mmepata akili."

"Ulijua," Edmund akasema.

"Wewe nyamaza. Umeshafanya vizuri, usiharibu." Akavua glavu kidole kimoja kimoja. "Mwezi wa Juni, bibie, utaolewa. Kuanzia siku hiyo utaandikwa Bi. Edmund Garside, kwenye kadi zako, kwenye mialiko, mpaka kwenye jiwe la kaburi. Ndiyo desturi yetu, na ni desturi nzuri. Sasa jina lililoko kwenye programu ni Edmund Garside. Ni jina lako, limekuja mapema kidogo. Tatizo liko wapi?"

Lilisemwa kwa utulivu mno, na kwa dakika moja chumba kizima kikawa kama kimekubali. Hester alipojibu, sauti yake ilikuwa ya chini kuliko ya Augusta.

"Nimeolewa miaka kumi na minane, nikaitwa Bi. Clement Ormerod. Sikulalamika. Clement alipokufa, watu wakaniandikia barua za pole. Nzuri, nyingi. Zote juu ya bahasha zilikuwa na jina lake. Nilikuwa nafungua barua za kuniambia mume wangu amekufa, zimeandikwa kwake. Nilisema siku ile, jina la kwenye bahasha mchukue. Na la kaburini mchukue. La kwenye trio simpi mtu."

"Kiburi hicho."

"Ndiyo."

Augusta hakuwa amezoea kukubaliwa namna hiyo. Shingo yake ikapanda rangi.

"Mke wa Garside hatabandikwa ukutani kama tangazo la sabuni. Mama yetu alipiga piano vizuri kuliko wewe na hakuna aliyejua ila sisi watoto wake."

"Mama yenu nampa pole," Hester akasema. "Ningependa kumsikia."

"Edmund." Sasa aligeuka kabisa. "Nyumba ni yangu. Sebule unayofundishia ni yangu, na kila mwanafunzi wako anapita kwenye mlango wangu. Ukisimama leo mbele ya watu ukaifanya kamati yangu ionekane ya wapumbavu, usirudi. Simama ukiwa umeshapata pa kwenda."

Hester alimtazama Edmund. Hakuomba kitu kikubwa. Neno moja lingetosha, hata "Dada, basi." Edmund alikuwa akilitazama jiko. Aliutazama ule moto muda mrefu, mikono kati ya magoti, na hakusema neno.

Hapo ndipo Hester alipoumia kweli. La jina lilimkasirisha. Ila ukimya ule ulimkuta pale alipokuwa mlaini, pale palipokuwa pamefunguliwa na ile chai iliyomwagika. Akazivuta glavu zake mikononi.

"Umesikia ninachotaka," akamwambia. "Sitakisema mara ya pili. Twende, Dilys."

Kwenye ujia wenye baridi Dilys alimshika mkono. "Na asiposema?"

"Basi hawatasikia kitu."

"Ukumbi umejaa, mwenzangu."

"Watakaa kimya. Kukaa kimya hakujaua mtu."

Dilys akawaza kidogo. "Kule kwetu Wales, watu wa kuimba kutwa, kungeua," akasema, na Hester, kwa mshangao wake mwenyewe, akacheka hadi akalazimika kuegemea ukuta.

*

Kwaya ya akina mama iliimba. Kanali Tetley alipuliza filimbi yake, akapotea njia, akairudia, akashangiliwa kwa sababu alikuwa Kanali. Kisha watu watatu wakapanda jukwaani, wakainama, wakakaa: Hester kwenye piano, Dilys kushoto, Edmund katikati na selo lake.

Wapigaji wa muziki wa namna hii wana jambo moja wasilolivuka. Kabla ya kuanza, piano hutoa sauti moja, nota iitwayo *la*, ile ya katikati, na wenye nyuzi wanafuata, wanakaza na kulegeza mpaka wakubaliane nayo. Piano haikazwi papo hapo, haiwezi kumfuata mtu. Mpaka itoe *la* yake, wengine hawana pa kuanzia. Dilys akaweka fidla begani. Edmund akauinua upinde. Wote wawili wakangoja.

Hester aliiweka mikono yake mapajani.

Ukumbi ulinyamaza ule unyamavu wa adabu. Mtu mmoja akakohoa. Kasisi, aliyekaa mstari wa pili, akainua miwani yake.

"Hester," Edmund akanong'ona. "*La*."

Hester alimtazama. Hakukunja uso, hakumsihi. Alimtazama tu, macho yake ya kijivu yametulia, na ndani yake moyo ukimwenda mbio kiasi cha kuona mkufu unatikisika kifuani. Alijua anachocheza nacho. Kama Edmund hatasimama, basi ataifunga piano mbele ya mji mzima, ataitwa kichaa, atakwenda nyumbani na mwavuli wake, na hakutakuwa na harusi ya mwezi wa Juni. Alikuwa amekwisha kulipima hilo lote kule kwenye ujia. Na bado mikono yake ilibaki pale pale.

"Kinanda kimeharibika?" sauti ya mzee ikauliza kutoka nyuma.

Dilys akaishusha fidla, akaikumbatia kwapani kama mtu anayengoja treni. "Hakijaharibika, bwana," akasema. "Sisi hatuna haraka."

Mstari wa mbele Augusta alitikisa kichwa mara moja, kidogo sana, kwa ndugu yake tu.

Edmund aliona vyote viwili, kichwa cha dada yake na mikono ya Hester. Hester aliona jinsi alivyovuta pumzi. Kisha akalilaza selo sakafuni, polepole, kwa ubavu wake, akasimama. Bila selo mbele yake alionekana kama mtu aliyetoka nje bila koti.

"Samahani," akasema. "Kuna kosa kwenye programu. Na kosa ni langu. Trio hii sikuitunga mimi. Ameitunga Bi. Ormerod."

Kisha kikaanza kile kicheko, hichohicho, cha upole, kikipita kiti hadi kiti. Mwanamke mmoja akaweka mkono kifuani. Kanali Tetley akaguna kwa furaha.

"Hongera, Garside," akasema kwa sauti ya kambini. "Zawadi nzuri ya harusi hiyo. Mke wangu mimi nilimpa saa ya ukutani."

Sasa ukumbi mzima ulicheka. Hester hakugeuza uso. Aliyajua haya, alikuwa ameyasema kwa mdomo wake, na bado yalimwingia kama maji ya jagi lile la London. Akamwona Edmund akigeuka kumtazama, na safari hii akaona kwamba ameelewa. Uso wake ulibadilika wote. Mtu mpole akikasirika, hata fanicha hukaa sawa.

"Msinipe heshima nisiyostahili," Edmund akasema, na kicheko kikakatika. "Nimejaribu kutunga tangu nikiwa kijana. Sijaweza hata wimbo wa kumlaza mtoto. Novemba niliileta trio hii kwenu, wanakamati, ikiwa na jina la mwanamke. Mkasema haina mifupa. Kasisi, ulikuwapo. Kanali, neno la mifupa lilikuwa lako. Januari nikaileta kwa jina langu. Nota zilezile, zote, sikugusa hata moja, na Kanali ukasema ina mifupa mizuri ajabu. Sasa niambieni, hiyo mifupa niliiweka saa ngapi?"

Kanali aliitazama filimbi yake.

"Nilidhani nawachezea ninyi," Edmund akasema, chini zaidi. "Nilikuwa namwibia yeye. Nimemaliza."

Augusta alisimama. Manyoya ya kofia yake yalitikisika, lakini sauti yake haikutikisika, na katika hilo walilingana na Hester kuliko ambavyo yeyote kati yao angekubali.

"Ulisikia nilichokuambia, Edmund."

"Nilisikia, Dada."

"Basi vitu vyako utavikuta barazani."

Akatoka, na wanawake wawili wa kamati wakatoka nyuma yake, sketi zikiburura sakafuni, na mlango mkubwa ukajifunga. Waliobaki walitazamana. Wengine walibaki kwa sababu walitaka kusikia, wengine kwa sababu nje mvua ilikuwa inanyesha, na wengine kwa sababu hakijapata kutokea Ilkley kitu kizuri namna hiyo tangu farasi wa daktari aingie kanisani. Kasisi akasimama. Alikuwa mwekundu mpaka kwenye upara, na mkononi alikuwa na penseli.

"Bi. Ormerod," akasema. "Ningependa kusahihisha karatasi yangu. Niandike Bi. Clement Ormerod? Au labda, kwa kuwa Juni si mbali..."

Hester akasimama naye.

"Lumb," akasema. "Hester Lumb. Ndilo jina nililokuwa nalo nilipoitunga. Herufi ya kwanza ni L. Na mnaodhani bado ni zawadi ya mtu, mlango uko wazi, nitangoja mtoke."

Akangoja kweli. Akatazama mstari wa mbele wenye viti vyake vitatu vitupu, akatazama wa pili, akatazama mpaka nyuma ukutani. Hakuna aliyetoka. Kanali Tetley akapapasa mifuko yake, akamnong'oneza jirani yake amwazime penseli, na muda kidogo ukumbi mzima ukawa umeinama, karatasi magotini, watu wakikata jina moja na kuandika jingine.

Hester akakaa. Edmund alikuwa amekwisha kuliinua selo. Akauinamisha mwili kumwelekea kama anayetaka kuuliza jambo la muziki.

"Sina pa kulala leo," akanong'ona.

"Nimesikia."

"Na Juni? Bado ipo?"

Hester alimtazama mwanamume huyu aliyemkosea, aliyechelewa, aliyesimama. Alikuwa bado amemkasirikia, na angeendelea kumkasirikia pengine hadi Pasaka. Alimpenda vilevile.

"Tutaongea baada ya sehemu ya nne," akasema. "Usikimbie kwenye ile ya polepole. Ni yangu, naijua inavyokwenda."

Akaweka kidole juu ya *la*, akaibonyeza.